Bala si Balaa

Waliosema tembea uone hawakukosea. Likizo ya Agosti iliyopita niliangukiwa na bahati ya mtende kuota jangwani. Shangazi yangu ni muuguzi mjini Wrexham, katika nchi ya Wales, naye alinitumia tikiti ya ndege nikamtembelee kwa majuma matatu. Tangu nirudi, kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili ananiuliza swali lile lile: "Haya, tuambie, London ikoje?" Nami hujibu kwamba London niliiona kupitia dirisha la ndege tu. Mji ninaotaka kuwasimulia ni mdogo mno, hata ukipiga chafya mwanzo wa barabara yake kuu, aliye mwisho wa barabara hukwambia, "Afya!"

Jina la mji huo ni Bala. Tafadhali msicheke. Si balaa, wala si baa. Katika Kiwelshi, neno hilo lina maana ya mahali ambapo maji hutoka ziwani kuanza safari ya mto. Na ndivyo ulivyo mji wenyewe: umekaa kwenye ncha ya ziwa liitwalo Llyn Tegid, pale ambapo mto Dee, ambao wenyeji huuita Dyfrdwy, unatokea kuelekea baharini.

Kabla sijaenda mbali, yafaa nieleze jambo moja. Wengi wetu tukisikia Uingereza hudhani ni nchi moja yenye watu wa aina moja na lugha moja. La, hasha! Ufalme ule umeunganisha nchi nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wales ina mji mkuu wake, Cardiff, na tangu mwaka 1999 ina bunge lake. Wenyeji huiita nchi yao Cymru, jina lenye asili ya neno la kale lenye maana ya watu wa nchi moja, yaani wenzetu. Jina Wales walipewa na majirani waliokuja baadaye, na asili yake ni neno la kumwita mtu mgeni. Hebu fikiri, mtu aje kwenu, abishe hodi, kisha akuite wewe mgeni!

Safari ya Bala

Shangazi alipata siku mbili za mapumziko. Alfajiri na mapema tukapanda basi nambari T3 litokalo Wrexham, likipitia miji ya Llangollen na Corwen. Basi lenyewe halina makanga wala muziki, na abiria hakai mapajani mwa mwenzake. Kila aliyeshuka alimshukuru dereva. Mimi macho yangu yalikuwa nje. Vilima vilikuwa vya kijani kibichi kama vya kwetu Kisii, ila mahali pa migomba na michai palijaa kondoo, na mahali pa ua wa miti palikuwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji.

Jambo moja lilinitatiza. Kila tulipofika kwenye kona, palikuwa na maandishi meupe barabarani: ARAF.

"Shangazi," nikauliza, "huyu Araf ni nani, mbona jina lake limeandikwa kila mahali?"

Shangazi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Wewe mtoto wewe! Araf ni polepole. Wanamwambia dereva apunguze mwendo."

Kumbe! Nikatazama vizuri, nikaona kwamba Kiingereza nacho kilikuwapo kando yake. Basi kuanzia hapo nikaanza kuhesabu. Vibao vya barabarani, kituo cha basi, mlango wa choo, vyote vilikuwa na lugha mbili, na mara nyingi Kiwelshi kilitangulia.

Mji wa Bala umo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri, iliyoanzishwa mwaka 1951 na ambayo eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,100. Mkisikia hifadhi ya taifa msifikirie Maasai Mara. Hakuna lango la kulipia, hakuna simba wala ndovu. Ni nchi ya watu. Zaidi ya watu 25,000 wanaishi humo, wana mashamba yao, maduka yao, makanisa yao na shule zao. Kinachohifadhiwa ni sura ya nchi yenyewe, ili mtu asijijengee ovyo ovyo. Mlima mrefu kuliko yote ya Wales umo humo, nao una urefu wa mita 1,085. Sisi tulio na Mlima Kenya wa mita 5,199 tungeuita kilima, lakini wenyewe wanauenzi. Zamani ramani ziliuita Snowdon, na hifadhi ikaitwa Snowdonia. Mwezi Novemba mwaka 2022, wakuu wa hifadhi waliamua kwamba kuanzia wakati huo watatumia majina ya Kiwelshi, Yr Wyddfa kwa mlima na Eryri kwa hifadhi.

Mji wenyewe

Barabara kuu huitwa Stryd Fawr. Ni moja, imenyooka, ina miti na maduka ya mawe pande zote mbili. Bala ni mji wa soko tangu karne ya 14, nao ulivuma kwa soksi. Naam, soksi! Katika karne ya 18 wake kwa waume wa hapa walifuma soksi za sufu usiku na mchana. Wakati wa jua walikwea kichuguu kikubwa kilichojengwa zama za vita, wakaketi juu yake wakifuma na kupiga gumzo. Kichuguu hicho kingalipo, nimekipanda mwenyewe. Tena ni karibu na mji huu, mwaka 1873, ambapo yalifanyika mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika Britania.

Llyn Tegid ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote ya Wales. Urefu wake ni kama kilomita 6, na kina chake kinapita mita 40. Kilindini mnaishi samaki aitwaye gwyniad, aliyebaki humo tangu enzi ya barafu, naye kwa asili hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani.

Lakini kisa kilichonigusa ni cha msichana aliyekuwa na umri wa kama wangu. Mwaka 1800 Mary Jones, binti ya mfumaji maskini, alitembea kilomita 40 na ushei kutoka kijijini kwao hadi Bala. Inasimuliwa kwamba hakuwa na viatu. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka sita ili anunue Biblia ya Kiwelshi kwa mhubiri Thomas Charles. Kisa hicho kilichangia kuundwa kwa chama kikubwa cha kusambaza Biblia huko London mwaka 1804. Miaka sita ya kuweka akiba, jamani, ili asome kitabu kwa lugha ya mamaye! Nikajiuliza: mimi hivi vya Kiswahili vilivyojaa maktabani kwetu bure, nimesoma vingapi?

Mchana tuliingia katika duka la mikate. Mwenye duka, mama mmoja wa makamo, alikuwa akizungumza Kiwelshi na mtoto mdogo wa kama miaka mitano. Alipotuona akageuza Kiingereza, akatuuliza tunatoka wapi.

"Kenya," akajibu shangazi.

"Na nyinyi kwenu mnasema lugha gani?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba mimi ni katibu wa Chama cha Kiswahili, nikamsalimu kwa Kiswahili sanifu. Akafurahi, akaniomba nirudie. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na nyanya yako, unazungumza naye lugha gani?"

Hapo ulimi ukanata. Nyanya yangu huzungumza Kigusii. Mimi humjibu kwa Kiswahili, naye hutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Nilitazama mikate.

Yule mtoto ndiye aliyeniokoa. Alitaka kunifundisha kutamka Llyn. Herufi hizo mbili si "l" yetu. Unaweka ulimi kama unayetaka kusema "la", kisha unapuliza hewa kando ya ulimi. Nilipuliza, nikapuliza tena, mate yakaruka, mtoto akaanguka kwa kicheko. Hata hivyo nilijifunza mambo ya kuwashangaza wapenzi wa sarufi. Sisi hubadilisha mwanzo wa neno: mtoto, watoto. Nao hubadilisha mwanzo wa neno, ila kwa kanuni nyingine. Paka ni cath. Paka wangu ni fy nghath. Paka wa mwanamume ni ei gath, na paka wa mwanamke ni ei chath. Paka ni yule yule, anabadilisha kofia tu! Nao, kama sisi, hawakuona haya kukopa. Shule kwao ni ysgol, neno la Kilatini. Neno letu shule lilitoka kwa Wajerumani, ambao nao walilitoa katika Kilatini hicho hicho. Kwa hiyo ysgol na shule ni ndugu waliopotezana.

Kibao cha shingoni

Siku ya pili tulipanda gari moshi dogo la mvuke linalopita kandokando ya ziwa hadi kijiji cha Llanuwchllyn. Hapo pamesimama sanamu za watu wawili, baba na mwanawe. Baba ni Owen Morgan Edwards, aliyezaliwa hapo mwaka 1858. Shangazi alinieleza habari zake, nami nikahisi damu ikinikimbia usoni.

Wakati wa utoto wake, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W na N, yaani Kiwelshi la. Angekivua pale tu ambapo angemsikia mwenzake akikosea, amvishe yeye. Aliyekuwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Haikuwa sheria ya serikali. Ulikuwa ni mtindo wa walimu, na mara nyingi wazazi waliukubali, kwa kuwa waliamini Kiingereza pekee ndicho kingewapa watoto wao kazi. Edwards mwenyewe alivishwa kibao hicho katika shule ya kijiji hicho, na katika kitabu chake cha mwaka 1906 aliulaani mtindo huo. Mwaka 1907 yeye yule aliyevishwa kibao akawa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, akafungulia Kiwelshi mlango wa darasa.

Mwenzangu unayesoma, huenda unatabasamu kwa uchungu. Kibao hicho unakijua. Kwetu tulikiita disk. Katika shule yangu ya msingi kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Lugha ya mama ilikuwa mwiko, na Kiswahili kiliruhusiwa siku ya Ijumaa peke yake.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipokuwa darasa la sita, jioni moja nilikuwa na disk, na kengele ya gwaride ilikaribia kulia. Nikamwona msichana wa darasa la pili, mgeni, aliyeletwa kutoka mashambani muhula ule. Kiingereza hakujua, Kiswahili alikibabia. Nikamwendea nikitabasamu, nikamsalimu kwa Kigusii, nikamwuliza amekula nini mchana. Uso wake ukachangamka kama aliyemwona dadake. Akaanza kunieleza. Hakumaliza. Nilimvika disk shingoni, nikakimbia mstarini.

Alisafisha vyoo wiki nzima. Sikumsikia akisema neno lolote, kwa lugha yoyote, hadi muhula ukaisha. Mimi nilisifiwa kwa Kiingereza changu.

Kijiji chini ya maji

Alasiri, mwenye nyumba tuliyolala alitupeleka kwa gari lake hadi Llyn Celyn, kilomita chache kutoka Bala. Ni ziwa zuri, maji yametulia, na kando yake pana kanisa dogo la ukumbusho. Lakini ziwa hili halikuumbwa na Mungu. Hapo palikuwa na kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake walisema Kiwelshi tupu. Mji wa Liverpool, ulioko England, ulitaka maji. Mwaka 1956 wanakijiji waliandamana katika barabara za Liverpool, wazee na watoto. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria, ingawa hakuna mbunge wa Wales aliyepiga kura ya kuikubali. Mwaka 1965 bonde likajazwa maji. Shule, posta, kanisa na mashamba vikazama. Kati ya watu 67 wa bonde lile, 48 walipoteza makao yao. Baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye.

Yule mzee hakusema mengi. Alinyoosha kidole kwenye maji akasema, "Shule ilikuwa kule." Basi.

Lakini kilichotukia baadaye hakikutarajiwa. Kuzama kwa kijiji kuliwaamsha Wawelshi waliokuwa wamelala. Sheria ya kwanza ya Lugha ya Kiwelshi ilipitishwa mwaka 1967, ya pili mwaka 1993, na mwaka 2011 kikatambuliwa kuwa lugha rasmi nchini Wales. Tangu mwaka 1982 kina idhaa yake ya televisheni. Msidhani vita vimekwisha. Mwaka 1911 watu wapatao 43 katika kila 100 walikijua. Katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa kama 18, yaani watu 538,000. Serikali ya Wales imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Katika Bala, hata hivyo, wengi wa wakazi hukisema, na shule yao, iliyofunguliwa mwaka 2019, hufundisha kwa Kiwelshi watoto wa miaka 3 hadi vijana wa miaka 18.

Tufanyeje sisi?

Nimeacha jambo moja makusudi. Tukiwa ndani ya gari moshi asubuhi, nilisikia kelele ng'ambo ya ziwa. Watoto makumi kwa makumi walikuwa ndani ya mitumbwi, wakipiga makasia, wakirushiana maji, wakipiga mayowe kwa Kiwelshi. Ni kambi ya Glan-llyn, iliyofunguliwa mwaka 1950. Ni mali ya chama cha vijana kiitwacho Urdd, kilichoanzishwa mwaka 1922 na Ifan ab Owen Edwards, ndiye yule mwana wa sanamu ya pili. Mwaka 1939 alifungua pia shule ya kwanza ya msingi ya kufundisha kwa Kiwelshi, katika mji wa Aberystwyth. Ilianza na wanafunzi saba.

Nilikaa nikiwaza. Baba alivishwa kibao kwa kosa la kusema Kiwelshi. Mwana angeweza kulipiza kisasi, atengeneze kibao cha kuwavisha wanaosema Kiingereza. Hakufanya hivyo. Aliwapa watoto mitumbwi.

Ndugu wanachama, mnakumbuka mkutano wetu wa muhula wa pili. Ilipendekezwa kwamba siku za Kiswahili, yaani Jumatano na Ijumaa, kuwe na kibao cha kumvisha kila atakayesikika akisema Kiingereza, Sheng au lugha ya mama. Mnakumbuka pia ni nani aliyetoa pendekezo hilo. Ni mimi, katibu wenu. Nilisema, "Dawa ya moto ni moto." Mlinipigia makofi, na jambo likawekwa lipigiwe kura katika mkutano mkuu wa kufunga mwaka.

Sasa naliondoa, na nikikataliwa kuliondoa, nitalipigia kura ya la. Sijabadilika katika mapenzi yangu kwa Kiswahili. Lakini nimekishika kile kibao kwa mikono yangu, najua kinachofundisha. Hakimfundishi mtoto lugha. Kinamfundisha kunyamaza, na kinamfundisha mwenzake kutega sikio ili amponze. Kiswahili kikiingia shuleni kimeshika kibao, kitaogopwa, na kinachoogopwa hakipendwi.

Badala yake nina mapendekezo matatu. Kwanza, timu ya soka na ya voliboli ziwe na saa za mazoezi kwa Kiswahili, na tuwatafutie maneno ya mchezo. Pili, mashindano ya vitendawili yawe jioni ya Ijumaa, zawadi iwe mandazi, kwani kwa mandazi hata wa Kidato cha Nne watakuja. Tatu, jarida letu la mwakani litenge kurasa mbili za methali na hadithi tulizopokea kwa nyanya na babu zetu, ziandikwe kwa lugha zao na kuelezwa kwa Kiswahili. Kiswahili kimekopa kwa Waarabu, Wareno na Wajerumani kisione haya. Kitaonaje haya kuketi na Kigusii, Kiluhya au Kimijikenda?

Mimi nimeanza. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nilimpigia nyanya simu. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. "Bwakire buya, magokoro," nikasema, yaani umeamkaje, nyanya.

Pakawa kimya kwa muda. Kisha nyanya akaanza kusema, akasema, akasema, hata kadi ya simu ikaisha. Nilielewa kama nusu. Jumapili inayofuata nilinunua kadi kubwa zaidi.